KUKOPI MAFAILI YA DUKA KWA MANENO, SIO KWA MAUSI

Somo la leo linamhusu yule mwenye kompyuta dukani, hata kama ni ile ya mtumba yenye kibodi iliyofutika herufi. Ndani yake kuna mauzo ya kila siku, orodha ya stoo, na hasa hasa MADENI. Tunajifunza kutoa nakala ya hayo mafaili kwenda kwenye flashi au diski ya nje kwa kuandika amri kwenye lile dirisha jeusi.

Najua kuna watakaosema, "Si nakopi kwa mausi tu, nabandika, kazi imeisha?" Sawa, inawezekana. Ila jiulize mara ya mwisho umefanya lini. Kazi ya mausi ina usumbufu: ufungue folda, uchague, ukopi, ufungue flashi, ubandike, halafu Windows ianze kukuuliza faili hili tayari lipo, nilibadilishe au niliache? Mtu amechoka, saa tatu usiku, anataka kufunga duka awahi daladala. Anasema nitafanya kesho. Kesho yake vilevile. Amri ukishaiandika mara moja unaihifadhi, kila jioni unaibonyeza mara mbili tu, na hata kijana wako wa dukani anaweza.

Halafu fikiria kompyuta ikifa leo. Mteja wa jumla unamdai laki nne na nusu, ameshalipa laki moja, na yote yaliandikwa kwenye Excel. Unampigia, anakwambia, "Bosi, mimi nakumbuka nilibakiza laki na nusu." Utamwonyesha nini? Huna kitu. Hapo hata kama ni mtu mwema, mmeshaanza kugombana. Kuna na mambo ya kodi: kwa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5. Ofisa akija kuuliza mauzo ya mwaka juzi, kumwambia kompyuta iliungua hakumalizi hoja yake.

Mimi sikusoma kompyuta chuo chochote, niliishia kidato cha nne. Haya nimeyaokota kidogo kidogo kwa kuandika jina la amri na alama /? mbele yake, halafu nasoma maelezo yanayotokea. Kwa hiyo usiogope. Lile dirisha jeusi halina uchawi.

KWANZA KUSANYA VITU PAMOJA

Kabla ya amri yoyote, mambo ya duka yawe kwenye folda moja. Wengi wetu tuna faili la mauzo kwenye skrini ya mbele, madeni yapo kwenye Downloads, picha za risiti zipo sijui wapi. Ukiwa hivyo hakuna amri itakayokusaidia.

Mimi napendekeza folda iwe juu kabisa kwenye diski C, iitwe Duka. Kwa nini nisiseme Documents? Kwa sababu kompyuta nyingi za siku hizi OneDrive inaihamisha Documents kimya kimya, unaiona palepale lakini anwani yake ya kweli imebadilika, na amri inatafuta anwani ya kweli. C:\Duka haina utata.

Shika kitufe cha Windows kwenye kibodi, bonyeza na R. Kidirisha kidogo kinatokea, andika cmd, bonyeza Enter. Dirisha jeusi hilo hapo. Andika:

mkdir C:\Duka

Bonyeza Enter. Ikinyamaza ujue imekubali. Hawa jamaa wakifanikiwa hawasemi, wakikataa ndo wanaongea. Sasa kwa mausi hamishia mafaili yako humo, ndani utengeneze folda ndogo: Mauzo, Madeni, Stoo, Risiti. Ukitaka kuona kilichomo:

dir C:\Duka

Angalia vizuri mkwaju. Kuna huu \ na kuna huu / na si ndugu. Huu \ unatenganisha folda na folda. Huu / unatangulia herufi za maelekezo, kama /E au /Y. Ukivichanganya amri inakataa, na watu wengi wanakata tamaa hapo hapo wakidhani kompyuta ni mbovu.

Ukichomeka flashi, fungua dirisha la mafaili uone imepewa herufi gani. Mara nyingi ni E au F au D. Hapa nitatumia E, wewe weka ya kwako.

AMRI YA KWANZA: copy

Hii ni ya zamani sana, ilikuwepo tangu enzi za MS-DOS miaka ya 1980, na mpaka leo ipo. Mpangilio wake, na wa zote zinazofuata, ni uleule: jina la amri, kinapotoka, kinapokwenda. Shika huo mfuatano kama jina la mama yako. Kinapotoka KWANZA, kinapokwenda PILI. Ukigeuza, unachukua faili la zamani la kwenye flashi unalimwagia juu ya faili jipya la dukani.

copy C:\Duka\Madeni\madeni.xlsx E:\

Itakujibu kwamba faili 1 limekopiwa. Kama jina la faili lina nafasi katikati, mfano "madeni ya juni", lazima ulifunge kwa alama za kunukuu, la sivyo kompyuta inaona maneno matatu tofauti na inakataa:

copy "C:\Duka\Madeni\madeni ya juni.xlsx" E:\

Ndo maana mimi mafaili yangu siweki nafasi. Naandika madeni-juni.xlsx, maisha yanaendelea.

Ukitaka mafaili yote ya Excel kwenye folda, unatumia nyota. Nyota maana yake "jina lolote":

copy C:\Duka\Mauzo\*.xlsx E:\Nakala\

Sasa tulia hapa, maana hapa ndo pana shimo. Ona ule mkwaju wa mwisho baada ya neno Nakala. Usiuache. Tuseme folda ya Nakala haipo bado kwenye flashi, na wewe ukaandika E:\Nakala bila mkwaju. Kompyuta haitakwambia folda haipo. Itadhani unataka kuunganisha mafaili yote yawe faili moja linaloitwa Nakala. Itayapanga majina moja baada ya jingine kwenye skrini, Januari, Februari, Machi, wewe unaona mambo yanakwenda vizuri. Kumbe kule kwenye flashi ni rundo moja lisilofunguka kwa chochote.

Dalili yake ipo mstari wa mwisho. Umekopi mafaili 12, majina 12 yamepita, lakini mwisho inakwambia:

1 file(s) copied.

Ukiona hesabu hailingani, jua umepotea. Ukiweka mkwaju mwishoni na folda haipo, itakataa na kukwambia njia haionekani, hapo unaandika mkdir E:\Nakala kwanza halafu unarudia. Kukataliwa ni bora mara mia kuliko kukubaliwa uongo.

Jambo lingine kuhusu copy: haiingii kwenye folda ndogo. Ukiiambia ikopi C:\Duka, inachukua mafaili yaliyo juu juu tu. Mauzo, Madeni na Stoo inaviacha nje. Kwa hiyo copy ni ya faili moja moja. Kwa duka zima tunahitaji kitu kingine.

xcopy, KWA UFUPI

xcopy C:\Duka E:\Nakala /E /I /D /Y

/E inasema ingia folda zote ndogo, hata zilizo tupu. /I inasema kule ninakokwenda ni folda, usiniulize. /D inachukua tu mafaili ambayo ni mapya kuliko yaliyoko kwenye flashi, kwa hiyo siku ya pili kazi inakuwa ya sekunde. /Y inasema usiniulize ruhusa ya kuandika juu ya la zamani. Inafanya kazi vizuri kabisa na wapo wanaoitumia mpaka leo. Ila ikikutana na faili lisilosomeka inasimama hapo hapo na kuacha yaliyobaki, labda uongeze /C. Mimi siitumii sana kwa sababu ya hii inayofuata.

robocopy, HII NDO YENYEWE

Iko ndani ya kila Windows kuanzia Vista ya 2007: Windows 7, 8, 10, 11, zote unayo. Haununui, haupakui. Imetengenezwa kwa kazi ngumu: flashi inayosumbua, mafaili mengi, umeme unaokatika. Ukianza na umeme ukakatika katikati, ukirudia amri ileile inaruka yale yaliyokwisha na kuendelea na yaliyobaki.

robocopy C:\Duka E:\Nakala /E /FFT /R:2 /W:5

Tuivunje. /E unaijua. Tuanze na /R:2 na /W:5 maana watu wanaziacha halafu wanalalamika. R ni mara ngapi irudie ikishindwa kukopi faili, W ni sekunde ngapi isubiri kabla ya kurudia. Usipoziweka, robocopy kwa mazoea yake inarudia mara 1,000,000, na kila mara inasubiri sekunde 30. Piga hesabu kama mfanyabiashara: sekunde milioni 30 ni siku kama 347. Faili moja bovu, unasubiri karibu mwaka! Ndo maana wengine wanaona imeganda. Haijaganda, ina subira tu kuliko sisi.

/FFT ni kwa ajili ya flashi. Flashi nyingi za GB 32 kushuka chini zinatumia mpangilio unaoitwa FAT32, ambao unarekodi muda wa faili kwa kuruka sekunde mbili mbili. Diski ya ndani ya kompyuta inarekodi kwa usahihi zaidi. Bila /FFT, robocopy inalinganisha saa, inaona hazifanani, inakopi tena vitu ambavyo havijabadilika. Sio kosa baya, ni kupoteza muda tu. Na kwa kuwa tumeitaja FAT32: faili moja likifika GB 4 haliingii humo kabisa, hata flashi ikiwa tupu. Kwa Excel hutafika huko, lakini video za kamera ya dukani zinaweza.

Robocopy ikimaliza inatoa jedwali. Usilifunge haraka. Kuna safu ya Total, yaani jumla, Copied, vilivyokopiwa, Skipped, vilivyorukwa kwa sababu viko sawa tayari, na FAILED, vilivyoshindikana. Macho yako yaende kwenye FAILED. Iwe sifuri chini mpaka juu. Skipped ikiwa kubwa usishtuke, maana yake vitu vingi havijabadilika tangu jana.

FAILED ikiwa na namba, mara nyingi ni programu iliyo wazi. Kama unatumia programu ya mauzo yenye hifadhidata yake, ifunge kwanza. Na Excel pia: hifadhi, funga. Nakala inachukua kilichohifadhiwa kwenye diski, sio kile kilicho kwenye skrini ambacho bado hujakihifadhi. Umeuza tangu mchana bila kuhifadhi, ukakopi, utakuta nakala ya asubuhi.

HERUFI TATU ZA KUOGOPWA: /MIR

Mtandaoni utakuta watu wanakushauri uweke /MIR badala ya /E. MIR maana yake kioo: kule unakokopi kufanane KABISA na huku. Neno "kabisa" ndo lenye kesi. Kitu chochote kilichopo kwenye flashi na hakipo C:\Duka, kinafutwa. Hakiulizi, wala hakipiti kwenye kapu la taka kwamba utakiokota.

Sasa chukulia mtu ameandika robocopy C:\Duka E:\ /MIR, akaelekeza kwenye flashi yenyewe badala ya folda ndani yake. Humo kulikuwa na picha za harusi ya dada yake na fomu za mkopo wa kikundi. Zote zimekwenda. Au mtu amegeuza mpangilio, ameanza na flashi tupu aliyoinunua leo, ameishia na C:\Duka. Kompyuta inatii: flashi ni tupu, basi na Duka liwe tupu.

Sisemi isitumike. Nasema kwa mtu wa duka, /E inatosha. Ukilazimika kutumia /MIR, ongeza /L mwishoni kwanza. /L ni mazoezi: inakuonyesha kila ambacho INGEFANYA, bila kugusa kitu. Soma orodha, ukiona mstari wenye neno EXTRA, hicho ndo kinachokwenda kufutwa. Ukiridhika ndo uondoe /L. Hii /L ni nzuri kwa amri yoyote ya robocopy ambayo huna uhakika nayo. Na za ndugu zake, /MOV na /MOVE, zinakopi halafu zinafuta kule zilikotoka. Hizo kwenye mambo ya nakala hazina kazi.

FLASHI MOJA, SIKU SABA

Kukopi juu ya nakala ileile kila siku kuna udhaifu. Tuseme Jumanne kijana amefuta kwa bahati mbaya mistari 40 ya madeni, akahifadhi. Jioni unakopi. Nakala yako nzuri ya Jumatatu imefunikwa na ile iliyoharibika. Umegundua Ijumaa, umechelewa.

Dawa ni kuwa na folda saba kwenye flashi, moja kwa kila siku ya wiki. Mafaili ya duka dogo ni mepesi, flashi ya GB 16 inabeba zote saba bila kutoka jasho. Na hii tunaiandika mara moja tu. Fungua Notepad, andika hivi, usiruke alama:

@echo off
set siku=
set /p siku=Leo siku ya ngapi, 1 mpaka 7?
if "%siku%"=="" exit /b
robocopy C:\Duka %~d0\Nakala\%siku% /E /FFT /R:2 /W:5 /TEE /LOG+:%~d0\kumbukumbu.txt
pause

Ule mstari wa robocopy ni mmoja, hata kama kwenye simu yako unaonekana umekatika. Hifadhi kwenye FLASHI yenyewe, jina nakala.bat. Wakati wa kuhifadhi, chini pale penye aina ya faili chagua "All files", la sivyo Notepad itaongeza .txt kwa siri na utakuwa na barua badala ya programu.

Kinachofanyika: ukibonyeza nakala.bat mara mbili, inauliza leo siku ya ngapi. Jumatatu ni 1, Jumapili ni 7. Nimetumia namba makusudi, maana ukiandika majina, siku moja utaandika "Jumatau" na itakutengenezea folda ya nane. Ukibonyeza Enter bila kuandika kitu, inajifunga, haikopi popote. Usiweke alama ya sawasawa ikiwa na nafasi pembeni, iwe siku= hivyo hivyo imebanana.

Ile %~d0 ndo kipande ninachokipenda. Maana yake "herufi ya diski niliyopo mimi". Leo flashi ni E, kesho umechomeka na modemu imekuwa F, amri haijali, inajijua iko wapi. Na ukiichomeka kwa bahati mbaya kwenye kompyuta ya mtu mwingine isiyo na C:\Duka, itasema haioni kinapotoka na itaacha. Haifuti kitu, kwa sababu tumetumia /E.

/LOG+ inaandika kila kilichofanyika kwenye faili la kumbukumbu, na ile alama ya kujumlisha inamaanisha endeleza, usifute ya jana. /TEE inaonyesha na kwenye skrini pia. Faida ya kumbukumbu kwa mwenye duka: kama umemwachia kijana kazi ya kutoa nakala kila jioni, fungua kumbukumbu.txt mwisho wa wiki. Tarehe na saa zote zimo. Siku ambayo hakufanya utaiona, bila kugombana na mtu.

FLASHI YENYEWE

Hapa niseme ukweli wangu: amri zote hizi ni bure kama flashi ni feki. Barabarani zinauzwa flashi zimeandikwa TB 1, bei ya soda mbili. Ndani yake kuna kichipu kidogo kilichodanganywa kiseme uongo kwa kompyuta. Unakopi, majina yanaonekana, ukubwa unaonekana, lakini ukifika kwenye ujazo wake wa kweli, kinachoingia baada ya hapo kinaharibika. Robocopy itakwambia FAILED sifuri na haina kosa, kwa sababu flashi ilimjibu "nimepokea".

Kipimo: toa flashi kwa utaratibu, ichomeke tena, halafu linganisha faili la dukani na la kwenye flashi, tuseme leo ni Jumatano:

fc /b C:\Duka\Madeni\madeni.xlsx E:\Nakala\3\Madeni\madeni.xlsx

Inasoma yote mawili herufi kwa herufi. Ikisema "no differences encountered", hayana tofauti. Ikianza kumwaga safu za namba zisizoisha, nakala yako ni mbovu au umebadilisha faili baada ya kukopi. Nimesema toa uchomeke tena kwa sababu bila hivyo kompyuta inaweza kusoma kutoka kwenye kumbukumbu yake ya muda badala ya kusoma flashi yenyewe.

Flashi ya nakala isiwe ile ya kupeleka kuchapisha mabango stesheneri. Mnavijua virusi vya kule: folda zinapotea, zinabaki vialama vya njia ya mkato. Mara nyingi vitu havijafutwa, vimefichwa tu. Ukikutana nayo, usibonyeze vile vialama. Andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zinarudi kuonekana. Virusi vyenyewe bado vipo, kwa hiyo toa vitu vyako uisafishe flashi kwa antivirusi. Lakini ukiwa na flashi ya nakala peke yake, haya hayakupati.

Na isilale dukani! Wa Dar tunakumbuka Soko Kuu la Kariakoo lilivyoungua Julai 2021. Nairobi, Gikomba imeungua zaidi ya mara moja. Mwizi akibeba kompyuta, flashi iliyochomekwa anaibeba pia. Iende nyumbani na wewe. Ukiweza kuwa na mbili, moja ibaki nyumbani wiki nzima, Jumapili unabadilishana.

MASWALI AMBAYO YATAKUJA

Kuna atakayeuliza, je picha za risiti na miamala zilizopo kwenye simu? Simu ukiichomeka kwa waya inaonekana kwenye kompyuta lakini haipewi herufi ya diski, kwa hiyo cmd haiioni. Hamisha kwanza kwa mausi kwenda C:\Duka\Risiti, halafu nakala.bat itamalizia. Memori kadi ukiichomeka kwa kisomeo inapewa herufi, hiyo amri zinaifikia.

Wenye kompyuta za Ubuntu, mpo wachache ila mpo: kwenu ni cp. Mkwaju ni / kila mahali, na herufi kubwa na ndogo zinahesabika, Duka na duka ni folda mbili tofauti. Flashi inakaa ndani ya /media, kwenye folda yenye jina lako la kuingilia.

cp -ru ~/Duka /media/jina/flashi/

r ni folda na vilivyomo, u ni mapya tu. Mjue cp peke yake inaandika juu ya la zamani bila kuuliza. Ukitaka iulize weka -i.

KURUDISHA

Watu wanafundishwa kutoa nakala, hawafundishwi kurudisha. Siku kompyuta imekufa na umepata nyingine, usianze na flashi moja kwa moja ndani ya C:\Duka. Rudisha pembeni kwanza, tuseme nakala nzuri ya mwisho ni ya Jumatano:

robocopy E:\Nakala\3 C:\Duka-rudi /E /R:2 /W:5

Fungua madeni, fungua mauzo, angalia tarehe ya mstari wa mwisho ulioandikwa. Kama kuna mashaka, fungua na ya 2, linganisha. Ukiridhika, badilisha jina la folda liwe Duka na uendelee na kazi. Ikiwa C:\Duka ya zamani bado ipo na imeharibika, usiifute, ipe jina lingine:

ren C:\Duka Duka-mbovu

Inaweza kuwa na mauzo ya leo mchana ambayo kwenye flashi hayapo. Fanya zoezi hili wiki hii wakati kompyuta bado nzima, kwa kutumia kompyuta ya rafiki au hiyohiyo yako. Kama hujawahi kufungua faili kutoka kwenye nakala, bado hujui kama una nakala. Atakayekwama atume picha ya skrini ionekane amri aliyoandika yote, na jibu iliyompa, sio aniandikie tu "imegoma".